Siku moja maishani mwangu: fundi muziki wa magari, Mtwara

Saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa stendi na risiti ya mzigo mkononi. Basi la usiku kutoka Dar lilitakiwa liwe limeshaingia, likaingia saa 1 kasoro. Ndani ya boksi langu kulikuwa na spika mbili za inchi sita na nusu, amplifaya ya chaneli nne, waya wa umeme na karatasi nzito zenye gundi ya lami za kubandika ndani ya milango. Waya ndio nilioukagua kwanza, palepale stendi, kwa kuuchuna ncha na kukwangua kwa kisu. Siku hizi waya mwingi unaouzwa ni alumini iliyovikwa shaba juu. Dar utakaa nao muda. Huku kwetu chumvi ya bahari inaingia mpaka kabatini, na alumini ikishaanza kuoza kwenye kiungo, gari linarudi kwangu na lawama juu. Huu ulikuwa shaba mpaka ndani.

Naandika siku hii kwa sababu watu wakisikia fundi muziki, picha inayowajia ni kijana wa kelele anayekata nyaya za watu. Mafundi injini wanapewa heshima yao. Sisi tunaitwa wapiga debe. Basi soma siku nzima, halafu amua.

Saa 2 asubuhi nimefungua. Ni msimu wa korosho, minada imeanza kulipa, na pesa ya korosho ikiingia mjini bajaji zote zinataka redio mpya kwa siku moja. Nilifunga redio kwenye bajaji, nikakaza ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ya Hiace ya Mikindani iliyokuwa ikizimika muziki kila ikiruka tuta, nikanywa chai na chapati nikiwa nimesimama. Kijana wangu wa kazi alipanga spana na kufagia chini ya mwembe.

Saa 3 likaja gari lenyewe. Mazda Roadster, lile ambalo nje ya Japani linaitwa MX-5, viti viwili, turubai juu, limetoka Japani likiwa limetumika. Wengi hapa mjini wanadhani ni gari la harusi. Aina hii ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na kufikia 2016 Mazda walikuwa wametimiza magari milioni moja ya aina hii. Hili ni la toleo la pili, lililoanza 1998, ambalo taa zake za mbele hazichomozi tena kama za lile la kwanza. Mwenye gari ni mzee mmoja wa Mikindani, baharia mstaafu. Lakini aliyeleta gari ni mpwa wake, na mpwa hakuja mikono mitupu. Kiti cha abiria alikuwa amekifungia mkanda boksi la sabufa ya inchi 12.

Nikamuuliza kwa nini hakuliweka kwenye buti. Akasema halikuingia.

Hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Kijana alikuwa na video kwenye simu, ya gari la watu wengine kabisa, vioo vinatikisika, na alitaka hivyohivyo. "Fundi, mjomba hajui muziki, we nisikilize mimi." Nikamfungulia buti nikamwonyesha. Betri ya gari hili inakaa humohumo, pembeni, na nafasi inayobaki haitoshi hata begi la safari la maana. Nikamgongea ukuta wa bati unaotenganisha buti na viti. Nikamweleza: mdogo wangu, hata tungelipenyeza, mdundo ungebaki nyuma ya bati hili, ukafaidiwa na anayekufuata kwa bodaboda kuliko wewe unayeendesha. Kwenye gari lililofungwa, kibanda chenyewe kinaunenepesha mdundo, ndiyo maana sabufa ndogo kwenye Noah inasikika kubwa. Ukifungua turubai, hakuna kibanda. Sauti inakwenda zake angani. Upepo na matairi nao wananguruma chini kulekule mdundo ulipo, wanaufunika. Gari la wazi halihitaji boksi kubwa. Linahitaji spika zinazoitikia kwa nguvu kidogo, amplifaya safi ya kuzisukuma, na milango iliyozibwa vizuri.

Akanisikiliza, akasema, "Sawa, lakini tuliweke tu."

Tulizunguka hivyo karibu saa nzima. Akapiga simu kwa rafiki yake, rafiki akanielekeza kazi kwa spika ya simu, bila kuliona gari. Mwisho nikampigia mzee mwenyewe. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeanza?" Nikamweleza mvutano uliopo. Kimya kidogo, kisha: "Mimi nikifungua turubai nataka nimsikie mwimbaji anasema nini. Basi." Boksi likahamia kibandani kwangu, kijana akahamia kwenye benchi, na wala hakuondoka.

Saa 5 tukaanza kufungua dashibodi. Redio ya kiwandani ilikuwa imeshatolewa zamani na mtu, na ningeitoa hata ingekuwepo: redio za Japani za miaka ile zinakamata FM kuanzia 76 mpaka 90, na stesheni zetu karibu zote ziko juu ya hapo. Tatizo ni alivyoitoa. Soketi ya gari ilikatwa, nyaya zikasokotwa kwa vidole na kufungwa tepu nyeusi. Tepu kwenye joto la Mtwara inayeyuka gundi yake, inateleza, waya unabaki uchi. Ukiona nyaya namna ile huwezi kuamini rangi tena. Kila mmoja unapimwa kwa mita: upi una umeme muda wote, upi unaupata ufunguo ukizungushwa, upi unawaka na taa ndogo, upi ni ethi. Za spika nazigusa na betri ndogo ya volti moja na nusu, naangalia uso wa spika. Ukisukumwa nje, chanya yangu imegusa chanya yake. Ni jambo dogo ambalo wengi wanaliruka, na spika moja ikifungwa kinyume, hii inasukuma wakati ile inavuta, mdundo unafutika na mteja anaambiwa anunue sabufa.

Nikiwa na nyaya zimetawanyika hivyo, yule mpwa akaingia upande wa pili na kuzungusha ufunguo ili achaji simu. Waya ukagusa chuma, cheche, fyuzi ikaenda. Sikusema kitu. Nilibadilisha fyuzi, nikachomoa ufunguo, ukakaa mfukoni mwangu hadi jioni.

Milango ilikula mchana. Spika za zamani zilikuwa za karatasi, zimelainika na unyevu na kuchanika pembeni. Mpya ni za plastiki, zinavumilia. Lakini kioo cha gari hili kinaposhuka kinapita karibu sana na mgongo wa spika, kwa hiyo lazima uiinue kwa pete. Wengine wanakata pete za mbao za kubanwa. Huku zinavimba masika ya kwanza tu. Mimi nakata ubao mnene wa plastiki, ule wa kukatia nyama jikoni, unakula msumeno vizuri na maji hayaufanyi kitu. Kisha nikaziba matundu ya bati la ndani kwa zile karatasi za lami, kwa sababu mlango wenye matundu sauti ya nyuma ya spika inapita na kuua ya mbele. Kabla ya kuziba nikahakikisha tobo za chini za kutolea maji ziko wazi. Mlango lazima umwage maji. Kijana wangu wa kazi akazibua na mifereji ya turubai nyuma ya viti, ilijaa majani na vumbi, maana ikiziba maji yanaingia kwenye zulia, na nyaya zangu zinapita pale.

Kupitisha waya mpya wa spika kwenye mpira ulio kati ya mlango na bodi ni kazi ya kupiga magoti. Sabuni, waya mgumu wa kuongozea, mgongo umepinda, jasho linaingia machoni. Mlango wa kwanza ulikubali. Wa pili ulinipa kila aina ya shida. Katikati yake umeme ukakatika, na pasi ya kuchomea risasi ikapoa. Jirani yangu kinyozi ana jenereta, akanivushia waya. Tulikula ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa mkono mmoja, sikumbuki hata ilikuwa saa ngapi.

Amplifaya niliifunga kwenye buti. Hapo ndipo gari hili linamrahisishia fundi: betri iko hatua moja, waya wa umeme ni mfupi, na fyuzi yake nimeiweka jirani kabisa na betri, ili waya ukipata jeraha popote, fyuzi ikatike kabla waya haujawaka. Ethi kwenye bati lililokwanguliwa rangi likang'aa. Waya wa sauti kutoka redio nikaupitisha upande wa pili wa gari, mbali na nyaya nene za umeme.

Nikawasha bila kuwasha injini. Safi. Nikawasha injini. Mluzi.

Fundi yeyote wa kazi hii anaujua ule mluzi. Unapanda ukikanyaga mafuta, unashuka ukiachia, ni sauti ya altaneta, ile mashine inayochaji betri, imeingia kwenye muziki. Kijana akainuka kwenye benchi kwa mara ya kwanza kwa furaha. "Si nilisema? Amplifaya feki hiyo." Jua lilikuwa limeshahamia upande wa magharibi na mimi nilitamani kulala chini palepale. Lakini mluzi hautafutwi kwa kubahatisha, na haufukuzwi kwa kununua kidude cha kuchuja. Una pale unapoingilia, na unapatafuta kwa kufunga njia mojamoja.

Nikachomoa waya wa sauti kwenye amplifaya. Kimya. Basi amplifaya na umeme wake hawana kosa. Nikaurudisha, nikaenda mbele, nikachomeka simu yangu badala ya redio kwenye waya uleule. Muziki ukatoka msafi, injini ikiunguruma. Basi na waya mrefu hauna kosa, wala njia niliyoupitisha. Imebaki redio. Nikaunga waya mrefu kwenye mita, ncha moja hasi ya betri kule nyuma, nyingine bodi ya redio, injini inawaka. Pale inatakiwa isome karibu na sifuri. Ikasoma karibu nusu volti. Ethi ya kiwandani, ule waya mweusi uliokuja na gari, ilikuwa na hitilafu.

Kuufuata mwisho wake ilibidi nilale chali sakafuni mwa gari, miguu nje, kichwa chini ya usukani, tochi mdomoni. Gari lenyewe dogo, mimi si mdogo. Nikaukuta umefungwa kwenye chuma kinachoshika dashibodi, pete yake imekuwa ya kijani kwa kutu. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri kabisa, lakini chini yake umeme haupiti. Nikakata, nikabana pete mpya, nikapiga msasa chuma, nikakaza, nikapaka grisi juu yake ili chumvi isirudi haraka.

Injini. Mafuta mpaka juu. Hakuna mluzi.

Kijana wangu wa kazi alipiga makofi. Mpwa wa mzee aliuliza nimefanya nini, na safari hii aliuliza kwa kutaka kujua. Nikamwonyesha ile pete ya kijani, akaigeuzageuza mkononi muda mrefu.

Mzee alifika kwa bodaboda jioni, kanzu na kofia, tukaondoka yeye na mimi, turubai nimelikunja. Kurekebisha gari la wazi ukiwa umesimama haina maana, lazima uende nalo. Barabara ya Mikindani, mwendo wa kawaida. Spika za mlangoni nimezikata zisipige chini ya hezi 80, yaani ule mdundo mzito wa chini kabisa, kwa sababu zikijitahidi kushindana na upepo huko chini zinachoka na mwimbaji anakwama. Nikapandisha amplifaya mpaka sauti ikaanza kukwaruza, nikarudisha nyuma kidogo, nikapunguza ukali upande wa dereva ambako spika iko karibu na mguu wake. Redio niliyomchagulia ni ya vitufe. Ya kioo kikubwa ingependeza kibandani, lakini turubai likiwa wazi saa 7 mchana hauoni chochote juu yake isipokuwa uso wako.

Mzee aliweka taarabu. Hakusema neno mpaka tulipoona ghuba na minazi. Kisha akaanza kufuata mashairi, mstari kwa mstari, kwa sauti yake mwenyewe, na kwenye kituo cha mbele akaniomba tugeuze lakini tupite taratibu. Nilikuwa nimechoka mpaka vidole. Nilisikiliza ala zote, fidla kulia, ganuni kushoto, mwimbaji katikati ya dashibodi, na nilijua kazi imekaa.

Saa 2 usiku nilikuwa bado naandika. Kila gari naliandikia karatasi: rangi ya kila waya, unakwenda wapi, fyuzi ya amperi ngapi iko wapi. Nakala moja kwenye daftari langu, moja kwenye droo ya gari, kwa ajili ya fundi atakayefungua dashibodi ile baada yangu. Mzee alilipa nusu iliyobaki. Mpwa wake alibeba boksi lake la sabufa, akafika mlangoni, akarudi. Anayo Noah nyumbani, inapiga upande mmoja tu, kama naweza kuitazama Jumamosi. Nimemwambia ailete asubuhi mapema, na aje na redio ya zamani iliyotoka nayo, hata kama imekufa, kwa sababu soketi yake ninaihitaji.