Siku moja maishani mwangu: jina la watu, mafuta yangu

Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri. Nikishaswali naangalia kundi la duka langu la kuku na chipsi kwenye WhatsApp kabla hata sijabandika chai, maana friza zikiamua kufa hufa usiku. Leo kimya, alhamdulillahi. Ni Ijumaa, kusi limekaza, hoteli nyingi za pwani zimefungwa, na Malindi imebaki na wenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu. Gari la kuku kutoka Mombasa halijafika. Dereva: "Mama, nimeshapita Mtwapa kitambo, niko Kilifi darajani." Ukiijua lugha ya madereva, hapo ndiyo kwanza anatoka Mtwapa. Basi nakaa kwa bibi wa mahamri, hatua ishirini kutoka dukani kwangu, nile mbaazi za nazi. Ana swali lake haliachi: "Mwanangu, hao kuku wauza ni wa nani?" Nikimwambia ni wangu, acheka. Bango jekundu lenye jina la kampuni juu ya mlango analiona kama mnavyoliona nyinyi.

Niieleze kazi yenyewe, kwa sababu vijana wengi hunitumia ujumbe wakiiulizia. Nina franchaizi. Nimelipa ada ya kutumia jina la kampuni kwa miaka kumi, pamoja na mapishi yake, rangi zake, hata kimo cha kaunta. Kodi ya duka juu yangu, mishahara ya vijana saba juu yangu, stima juu yangu. Kila mwezi kampuni hukata mrabaha wa asilimia 6, na asilimia 2 ya matangazo, na hukata kwenye mauzo. Si kwenye faida, kwenye mauzo. Mwezi nikila hasara wao chao kimefika. Wanasimulia kwamba Harland Sanders, yule mwanzilishi wa KFC, alipompa Pete Harman wa Salt Lake City ruhusa ya kuuza kuku wake, mwaka 1952, walipeana mikono tu mambo yakaisha. Mkataba wangu mimi una kurasa 64, na ukurasa wa 41 unanikataza kuweka mezani kitu chochote ambacho hakimo kwenye menyu. Huo ukurasa tutaurudia.

Saa mbili na robo gari hilo. Nachomeka kipimajoto kwenye katoni ya katikati, si ile ya mlangoni anayoniletea dereva mbele: nyuzi 3. Ingezidi 5 ningemrudisha nazo Mombasa, na ananijua.

Viazi ni kesi nyingine. Kampuni yetu hutumia viazi vya hapa hapa nchini, na hilo nawashukuru. Mnakumbuka Januari 2022, KFC Kenya walipoishiwa chipsi kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinaagizwa nje na meli zikachelewa? Nchi nzima ilikuja juu, wakulima wana viazi vya kumwaga. Mimi nachukua viazi aina ya shangi kwa mzee mmoja pale sokoni. Shangi ina ladha nzuri lakini haina subira: kwa joto letu, wiki mbili tu ishaanza kuchipua, kwa hiyo siweki akiba. Sheria ya 2019 inasema gunia lisizidi kilo 50. Mzee bado analilia lumbesi, lile gunia la kujazwa kupita mdomo. "Zamani tulikuwa tukiuza gunia lenye kilemba, mama, sasa ni kama kuuza mkoba." Nampimia kwenye mizani yangu. Kilo 48 na nusu. Anaongeza viazi vitatu, anatia cha nne akiapa.

Vikishakatwa vinalala kwenye maji baridi, na maji hubadilishwa mpaka uone mkono wako chini ya ndoo. Ule weupe ni wanga, ukibaki chipsi zinaungua nje na ndani bado mbichi. Halafu zinakaangwa mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani, mpaka zilainike bila kupata rangi, zipumzike, ndipo ziingie kwenye mafuta makali mteja akishalipa. Mtu akilalamika kwamba anangojeshwa dakika nne, hiyo ndiyo sababu.

Saa tano tunafungua. Mteja wa kwanza ni Mtaliano mzee wa Casuarina, mmoja wa wale waliokuja zamani, enzi Waitaliano wakirusha roketi kutoka kituo chao cha San Marco kule Ngomeni, wakasahau kurudi kwao. Hataki sosi ya pakiti. "Mama, ndimu." Ndimu haimo kwenye menyu. Namkatia.

Na ndimu ni dhambi ndogo. Kubwa ni chupa iliyo chini ya kaunta. Mtu wa Malindi umpe kiazi bila chatini ya ukwaju? Mara tatu nimeiandikia kampuni wakubali, mara tatu wamenijibu kwa adabu kwamba ladha lazima iwe moja kila tawi. Bibi wa mahamri hunipikia lita moja kila baada ya siku mbili, na wateja wanajua namna ya kuiomba: "Dada, ile ya bibi ipo?"

Saa sita na nusu vijana wanaume wanakwenda Ijumaa, tunabaki watatu wanawake. Saa saba unusu msikiti unatoka na kanzu zinajaa hadi barabarani. Muda si muda stima inapotea. Jenereta inakohoa, inakataa, inakubali. Kwa nusu saa nakaanga mwenyewe, aproni imelowa, binti wa keshia anaandika risiti kwa mkono, na chupa ya chatini inazunguka meza kwa meza bila mtu kuisimamia. Siikumbuki ilipoishia.

Alasiri hakuna cha kusimulia. Watoto wa shule wanagawana sahani moja watu wanne.

Saa moja usiku nafunga hesabu ya kwanza: 38,000. Nishaitolea kampuni asilimia zake 8, yaani 3,040, kichwani kabla sijafikiria mafuta ya jenereta. Ndipo barua pepe inaingia. Leo mchana alikuja mteja wa siri, yule ambaye kampuni humtuma ale kama watu wengine kisha atoe alama. Usafi, kamili. Kasi, tumepunguziwa, stima haina utetezi. Halafu: "Chupa isiyo na lebo ilionekana juu ya meza namba 4. Pointi 5 zimeondolewa." Mstari wa chini yake, kwenye maoni: "Mteja angependa kujua kama pilipili hiyo inauzwa."

Nimeisoma mara mbili, nikampa keshia naye asome.

Saa nne usiku ni zamu ya mafuta. Yanachujwa yakiwa bado vuguvugu, nachovya kikaratasi cha kupimia, kikibadilika rangi kupita alama mtungi mzima unatoka. Leo kimepita. Lita 20. Kuna mama aliwahi kuniomba yale yaliyokwisha akaangie bajia, nilimnyima akanuna. Yanachukuliwa na mtengeneza sabuni wa Maweni.

Saa nne na nusu nimewatumia vijana ujumbe: chupa ikae chini ya kaunta, na anayeitoa airudishe kwa mkono wake. Halafu nikampigia bibi kabla hajalala, kumuuliza kama ukwaju umepatikana.