Kijembe si tusi

Siku hizi mwanasiasa akimtukana mwenzake jukwaani, magazeti yanaandika "amrushia kijembe". Kijembe gani hicho? Ukishamtaja mtu na kumwita mwizi, umemshutumu au umemtukana, chagua mwenyewe.

Kijembe ni kijisu chenye makali, mfano wa kile cha kuchanjia ngozi: kinapita kidogo tu, uchungu unafuata baadaye. Neno nalo hupigwa ama hurushwa vivyo hivyo. Halimtaji mtu, ila mwenyewe ajijue, na aliyelisema abaki na pa kutokea. Hapo pa kutokea ndipo penye ufundi. Barazani Kibokoni, mtaa wa hapa Mombasa, anayelengwa ni jirani aliyekaa na sufuria ya watu mwezi mzima, lakini anayeambiwa ni paka: "Na wewe, kila cha mwenzio chako?" Jirani akinuna, jibu liko tayari: "Kwani nimekutaja?"

Kwenye leso, yaani kanga, ndiko kijembe kilikojaa. Doti ni vipande viwili, kila kimoja kina pindo pembeni, mji katikati, na jina, yaani yale maandishi yaliyo juu ya pindo la chini. "Hasidi hana sababu" ikiwa imekunjwa dukani Biashara Street ni methali tu. Ivae harusini ambako msengenyaji wako naye kaalikwa, kisha mpite. Jina likae nyuma ili alisome ukishampa mgongo. Ukilikunjia ndani, umevaa kitambaa. Vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake, vya hapa Mombasa, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa nyimbo za namna hiyo.

Kijembe huharibika upesi. Kikiwa cha mbali mno, hupata asiyehusika, nawe unajikuta na maadui wawili. Kikigusa kilema au utasa, hiyo ni kejeli, na baraza zima litakugeukia. Ukilazimika kukieleza, kimekufa.

Mipasho, ile ya kwenye taarab, iko wazi kuliko kijembe na inataka watazamaji. Utani una ruhusa yake, kama wa babu na mjukuu. Mchongoano, ule wa "mamako ni mnono hadi...", ni mchezo wa vijana na hakuna anayefichwa kitu.

Ukipigwa kijembe usijibu papo hapo, maana utakuwa umekiri kwamba kimekupata. Cheka, ulizia bei ya samaki, kisha wiki ijayo tafuta doti yako.