Algodones usiku: kumfuata nondo mwenye kichwa cha manjano

Kutoka Brawley tulishika barabara ya 78 kuelekea mashariki. Mashamba ya umwagiliaji yanakatika ghafla, mchanga unaanza. Matuta ya Algodones, kusini mashariki mwa California, yana urefu wa kilomita 70 hivi, na mengine yanapanda hadi mita 90. Kusini mwa barabara magari ya mchangani hunguruma mpaka usiku. Kaskazini ni hifadhi, gari haliingii. Tulikuwa na kibali cha kukusanya vielelezo, na betri tulizibeba mgongoni.

Tuliyemfuata ni Neopalpa donaldtrumpi, aliyepewa jina Januari 2017 na Vazrick Nazari, mtafiti wa Kanada, kwa ajili ya magamba meupe yenye umanjano kichwani, yanayofanana na nywele za Donald Trump. Utani huo ulimpa umaarufu. Udogo wake hausemwi sana. Mabawa yakikunjuliwa ni kama sentimita 1 tu. Magamba hayohayo ndiyo yanayomtenga kwa macho na nduguye, N. neonata. Yakipukutika, alama imekwenda.

Shuka jeupe tulilitandika upande wa tuta usiopigwa na upepo, kingo tukazifukia mchangani. Nusu yake ilale chini kabisa, kwa kuwa nondo wadogo wengi hutua ardhini na kusogea kwa miguu. Taa ya urujuanimno, wati 15, betri ya volti 12, iwashwe giza likianza kuingia. Mbalamwezi huipunguzia taa mvuto, kwa hiyo nenda mwezi ukiwa mwandamo.

Mtego wa ndoo, yaani ndoo yenye taa juu ambayo nondo hutumbukia ndani, hatuupendi hata kidogo: nondo wakubwa wakipapatika humo huwasugua wadogo mpaka vichwa vinabaki vipara. Kila mmoja apewe kichupa chake, kisha kisanduku cha barafu. Vichupa visiguse barafu yenyewe. Unyevu ukitonea ndani ya kioo, magamba hunata humo.

Asubuhi, mvuke wa amonia. Huua bila kukakamaza, na mabawa yanakunjuka kwa urahisi kwenye pini nyembamba kama unywele. Mguu mmoja huingia kwenye ethanoli ya asilimia 95 kwa ajili ya DNA.

Hata hivyo usiandike jina kwenye lebo bado. Tumbo hulowekwa usiku kucha katika haidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, nyama ilainike, ndipo viungo vya uzazi vitazamwe kwa hadubini: vya dume wa donaldtrumpi ni vidogo kuliko vya neonata.