Windows 8 kwa dola 40: Januari 2013 ilikuwa nunua kabla ofa haijaisha, kuinstoli kungeweza kusubiri

Wenzangu mlioko huku Marekani ambao kila tukikutana ilikuwa kulalamika kompyuta ya nyumbani imekuwa kobe, mnaikumbuka ile ofa iliyofungwa tarehe 31 Januari 2013. Windows 8 Pro ya kuapgredi, yaani ya kuweka kwenye mashine yenye Windows ya zamani, ilikuwa inauzwa dola 39.99 ukiidaunlodi mwenyewe, ukitaka boksi lenye DVD dukani ilikuwa 69.99, na ofa hiyo ya tangu Oktoba 2012 ikishafungwa Pro hiyo hiyo ilikuwa inapanda mpaka 199.99. Yaani mara tano, kitu kile kile.

Mlikuwa mnaniambia mmeiona dukani ile skrini yake ya kuanzia, programu zimepangwa kama vigae, na hamjaipenda. Sawa, msiipende, mimi mwenyewe siipendi sana. Lakini kununua ni kitu kimoja na kuinstoli ni kitu kingine, namba ya leseni sio nyanya kwamba itaoza kwenye friji, ulikuwa unanunua Januari kwa bei ya kutupa halafu unaiweka mwezi wa nne au wa nane huko, siku ukiwa na nafasi na roho imetulia.

Kwangu wakati huo kulikuwa na mashine tatu. Laptopu yangu ilikuwa na Vista, Windows ya kabla ya 7 (msinicheke), kulikuwa na desktopu ya sebuleni yenye XP, ya zamani zaidi, ambayo mzee alikuwa ameikalia tangu aje kututembelea kutoka Tanga, anasoma magazeti ya nyumbani asubuhi mpaka chai inapoa, halafu kulikuwa na laptopu ya wife tuliyonunua Agosti 2012 ikiwa na Windows 7. Hiyo ya wife ndo ilikuwa tamu zaidi, maana kompyuta yoyote mpya ya Windows 7 iliyonunuliwa kuanzia tarehe 2 Juni 2012 mpaka 31 Januari 2013 ilikuwa inapata Pro kwa dola 14.99 tu. Ulikuwa unajiandikisha, unajaza taarifa za kompyuta na wapi ulinunua, wanakutumia namba ya punguzo kwenye imeili. Kujiandikisha mwisho ilikuwa 28 Februari 2013, kwa hiyo hapo palikuwa na pumzi kidogo. Jumla zote tatu zilikuja dola 94.97 kabla ya kodi ya serikali, chini ya nusu ya bei ya moja baada ya ofa kufungwa.

Namna ya kununua ilikuwa hivi: unadaunlodi kiprogramu kidogo kinaitwa Upgrade Assistant, kinaikagua mashine yako, kinakwambia programu gani zitagoma na zipi uzitoe kwanza, ukimaliza unalipa kwa kadi, unapewa namba, inaanza kushusha faili la karibu GB 2. Sasa hapa ndo palikuwa pa kuwa macho. Ikimaliza ilikuwa inakuuliza uinstoli sasa hivi au utengeneze flashi. Cha kuchagua kilikuwa flashi, au faili la ISO (nakala ya diski nzima ndani ya faili moja) ulihifadhi mahali, sio kubonyeza "sasa hivi" kwa sababu tu kitufe kiko juu. Na kile kiprogramu kilikuwa kinashusha aina ile ile ya Windows iliyo kwenye mashine unayokitumia, ukiwa kwenye Windows ya biti 32 unapewa ya biti 32 hata kama prosesa yako inabeba 64 (ya 64 ndo inayotumia kumbukumbu kubwa). Mwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 au zaidi aliyetaka ya biti 64 ilibidi aishushie kwenye mashine ya biti 64, namba ya leseni ilikuwa inakubali zote mbili, ila hapo anainstoli upya kuanzia sifuri, sio kuapgredi juu kwa juu.

Kingine watu walikuwa hawakisomi ni nini kinabaki. Ukitoka Windows 7 vinabaki vyote, programu, mipangilio na mafaili. Ukitoka Vista programu zinaondoka, unabaki na mafaili na mipangilio. Ukitoka XP ni mafaili yako tu, kwa hiyo CD ya Office itafutwe kabla, sio baada. Na bakapu jamani, hata kama wanasema picha zitabaki, chukueni hadi diski ya nje mkopi picha za harusi na za watoto kwanza halafu ndo muanze mambo mengine.

Ya XP nilianza nayo kwa makusudi maana XP ndo ilikuwa haina maisha, Microsoft walikuwa wanaacha kuitolea viraka vya usalama tarehe 8 Aprili 2014 na mzee anabonyeza kila kitu kinachong'aa. Desktopu ile ilikuwa na RAM ya GB 2, kima cha chini kwa biti 32 ni GB 1, ikapita. Kuwaka ikawa inawaka fasta kweli, kumbe Windows 8 ukiizima haizimi kila kitu, inaweka sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski halafu asubuhi inaisoma tu badala ya kuanza kuipanga upya. Antivairasi nayo ilikuwemo humo humo, Defender, hukuwa na haja ya kulipia nyingine.

Shida ilikuwa kitufe cha Start, kile cha kona ya chini kushoto. Hakikuwepo. Mzee kamaliza magazeti yake, kaniita.

"Hii inazimwa wapi?"

"Baba, peleka mausi kona ya kulia juu, subiri kitokee kibao, chagua Settings, halafu Power, halafu Shut down."

"Kuzima tu ndo nifunge safari hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nikamwekea Classic Shell, programu ya bure iliyokuwa inarudisha Start pale pale alipoizoea na ukitaka inakupeleka moja kwa moja kwenye desktopu bila kupitia vigae. Kwa mtu mzima yeyote ningeiweka siku ile ile kabla hajaanza kuuliza. Na wakati wa kuinstoli ikikuomba imeili ya Microsoft ya kuingilia, chini kabisa kulikuwa na maandishi madogo ya kuingia bila hiyo, mzee hakuwa na haja ya paswedi nyingine maishani.

Wapenzi wa Bongo Movie nao wasikie, Windows 8 ilikuwa haichezi DVD yenyewe, tofauti na 7. Kulikuwa na nyongeza ya Media Center (programu ya kuchezea filamu na muziki) iliyokuwa inatolewa bure kwa wenye Pro mpaka hiyo 31 Januari 2013, ya kuombwa mapema, au unaweka VLC, programu ya bure ya kuchezea video, unamaliza kazi, mimi niliweka VLC.

Habari zikafika Mwanza. Shemeji kapiga: "Shem, si unirushie tu hiyo namba na mimi nijaribishe?" Nikamwambia shem, namba moja mashine moja, na hii ni leseni ya kuapgredi, inataka chini yake kuwe na Windows halali, sasa hiyo yako aliyokuwekea fundi kwa CD iliyoandikwa kwa maka peni tutasemaje. Kacheka, kasema basi nikija likizo nimletee flashi mpya.

Yangu ya Vista nilipanga kuiweka wikiendi moja watoto wakiwa kwa mama yao mdogo. Ya wife nililipia hizo 14.99, nikasogea na flashi, kaniambia ana kozi chuoni mpaka Mei na Windows 7 yake haijamkosea kitu, nisiiguse. Sikuigusa. Namba ikabaki kwenye imeili yake, mimi nikaprinti kopi nikaiweka kwenye faili la bima ya gari.