Kimelika Wapi?

Jumamosi, usiku

Leo nimejua kazi ya kile chuma. Miezi minne kimeegemea ukuta wa stoo, na kila aliyekiona alikipa jina lake.

Kilitoka kwa mjomba, alipokuwa akisafisha ghala kuukuu shambani kwake. Alinipigia simu: "Njoo uchukue hiki kidude kabla hakijaenda kwa watu wa vyuma chakavu." Anajua vitu vya namna hiyo vinaninyima usingizi.

Ni fremu ya chuma ya mraba, kila upande kama sentimita 30. Ndani yake kuna bapa nyembamba 11 zilizosimama kwa ubavu, zote zimeelekea upande mmoja, na kati ya moja na nyingine kidole gumba kinapita. Juu ya fremu, vyuma viwili vimepinda kama upinde vikakutana katikati, na hapo umechomekwa mpini wa mti, umesimama wima, una kijiti cha kukingama cha kushikia kwa mikono miwili. Kinanifika kiunoni. Ni kizito, ila uzito wake ni wa kuinua na kushusha mara nyingi bila kuumia mgongo. Ningeuzingatia uzito huo tangu siku ya kwanza, ningejiokolea muda mwingi.

Mmoja alisema ni cha kukwangulia matope ya viatu mlangoni. Mwingine akasema ni wavu wa kuchomea nyama, mwingine kikatio cha majani, mwingine cha kuvunjia mabonge ya udongo. Mimi niliona nikisafishe kwanza ndipo nifikiri. Brashi ya waya nilikuwa nayo mkononi shangazi alipofika.

"Mwanangu, usikisugue," aliniambia. "Kitazame kwanza kimelika wapi."

Akakigeuza miguu juu, akapitisha kidole kwenye kingo za bapa, moja baada ya nyingine, polepole kama mtu anayesoma. Kisha akanipa kidole changu kazi hiyohiyo. Kingo za chini zilikuwa laini na zimeng'aa chini ya kutu, zimelika sawasawa zote 11. Hazikuwa na makali wala alama ya kunolewa. Hazikuwa na mapengo ya kugonga mawe. Pembe za fremu zilikuwa bado kali, na chuma kinachopigwa kwenye udongo pembe zake huviringika mapema. Hakikuwa na madoa ya moto popote. Mpini haukulika upande mmoja kama wa jembe. Kile kijiti cha juu ndicho kilichokuwa kimesuguliwa hadi kikawa laini kama kioo, huku na huku, mahali pa viganja viwili.

"Hiki hakikokotwi," alisema shangazi. "Hiki kinatwanga."

Nilibaki na neno hilo wiki nzima. Kinatwanga nini, bila kinu? Kitu kilichotandazwa chini, kwenye sakafu ngumu, na kinachotakiwa kuvunjwa bila kukatwa. Nikaanza kuwaza nafaka. Lakini nafaka zina vifaa vyake vya kupuria, fimbo za kupigia, hata kwato za ng'ombe. Ni nafaka gani ambayo ikishapurwa bado ina deni?

Jibu ni shayiri. Suke la shayiri lina ndevu ndefu, nyingine hupita sentimita 10. Ngano nayo huwa na ndevu, ila ukiipura punje hutoka uchi na ndevu hubaki na makapi. Shayiri ya kawaida imeshikana na ganda lake, na udevu umeota kwenye ganda hilohilo. Ukiipura, udevu hukatika juu juu na kisiki chake hubaki kwenye punje. Visiki hivyo vina meno madogo. Hukwama kwenye fizi za mifugo. Huzuia punje zisilale vizuri pamoja, na zamani, nafaka ilipouzwa kwa kipimo cha ujazo, debe la shayiri yenye visiki lilikuwa na hewa nyingi kuliko nafaka.

Basi shayiri iliyopurwa ilitandazwa sakafuni, mtu akasimama juu yake na chuma kama hiki, akawa anatwanga huku akisogea, na bapa zikavunja visiki bila kuzipasua punje. Baada ya hapo ikapepetwa. Nimekiona cha namna hiyohiyo katika picha za mkusanyiko wa Museum of English Rural Life, makumbusho ya maisha ya vijijini kule Reading, Uingereza. Waskoti walikiita hummeler, kutokana na neno lao hummel, linalosemwa juu ya ng'ombe asiye na pembe. Yaani kifaa cha kuing'oa shayiri pembe. Sijawahi kukutana na jina la chombo lililonifurahisha kiasi hiki.

Mashine ndizo zilizokistaafisha. Andrew Meikle wa Skotlandi alitengeneza mashine yake ya kupuria miaka ya 1780, na katika karne ya 19 mashine za kupuria zikaanza kutengenezwa zikiwa na sehemu ya kuondoa ndevu humohumo ndani. Kazi ikapotea, jina likafuata, chuma kikabaki.

Picha za makumbusho hazikunitosha. Leo asubuhi nilipata mafungu mawili ya masuke makavu ya shayiri. Niliyapiga kwa fimbo juu ya ubao, nikachambua makapi, nikachukua punje moja na kuipeleka karibu na macho. Kisiki kilikuwepo, kifupi kama kucha iliyovunjika. Nikashika kile kijiti cha juu, viganja vyangu vikaangukia palepale palipolika. Nikatwanga. Mlio wake si wa kishindo, ni mkwaruzo mfupi, kama mtu anayekanyaga changarawe mbali kidogo. Baada ya dakika chache nikainama nikachota punje. Nyingi zilikuwa na ncha butu, na chini ya ubao palikuwa na vumbi la ndevu lenye rangi ya majani makavu.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Alichukua punje chache, akazisugua kati ya vidole, akanirudishia.

Brashi ya waya nimeirudisha kwenye sanduku. Nitakifuta kwa kitambaa na mafuta kidogo, kingo za chini nisiziguse. Nilipovua shati sasa hivi nimekuta udevu mmoja wa shayiri karibu na kwapa. Uliingia kwenye mkono wa shati asubuhi, na kwa kuwa meno yake yote yameelekea upande mmoja, kila nilipoinua mikono na kushusha uliweza kwenda mbele tu. Nimeuweka hapa mezani, kando ya daftari.