Bibi juu ya skuta: siku zangu tatu Walt Disney World

Goti langu la kulia limekwisha gegedu. Daktari alinionyesha kwenye eksirei: mfupa umekalia mfupa. Kutembea natembea, dukani naenda na kurudi, mradi nisiwe na haraka wala mzigo. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia safari ya Florida imeiva, siku tatu na bustani tatu za burudani, nikamjibu kwamba nitakwenda mdogo mdogo, wao watangulie, tutakutana mbele.

Hakubishana. Alifungua ramani kwenye simu akanionyesha ziwa la EPCOT, moja ya bustani hizo, lile lililozungukwa na mabanda ya maonyesho ya nchi 11, Meksiko mwanzoni na Kanada mwishoni. Kulizunguka mara moja ni karibu kilomita mbili, na hapo hujatoka kituo cha basi, hujasimama foleni, hujarudi. "Mama, nimeshakukodia skuta."

Nilinuna siku mbili. Skuta, kile kigari cha betri cha kukalia kwa wasioweza kutembea mbali, ni ya wazee, nikasema, mimi nina miaka 63 tu. Mjukuu wangu wa miaka saba akauliza, kwa nia njema kabisa, kama 63 si ndiyo wazee wenyewe. Mjadala ukafungwa.

Skuta za kukodi mlangoni mwa bustani zipo, lakini haziwekewi nafasi, anayewahi ndiye anayepata. Tena hazitoki nje: ukimaliza unaiacha langoni, na safari ya kurudi kituoni ni yako na goti lako. Binti yangu alikodi kwa kampuni ya nje, wakaileta hotelini, nikawa nalala nayo chumbani na kupanda nayo basi. Ingekuwa leo ningefanya vilevile, ingawa usiku ukienda msalani gizani lazima utaipiga teke.

Ilikuwa ya magurudumu matatu. Hizo zinageuka mahali padogo, lakini kwenye mteremko za manne ndizo zinazotulia. Haina pedali. Chini ya usukani kuna vikono viwili kama masikio ya ng'ombe: ukivuta cha kulia inakwenda mbele, ukivuta cha kushoto inarudi nyuma huku ikilia pii, pii, pii, dunia nzima ijue. Katikati kuna kitufe cha kuzungusha mwendo, upande mmoja kimechorwa kobe, upande wa pili sungura. Breki ya mkono sikuiona, na wala haihitajiki, kwa sababu ukiachia kikono inasimama yenyewe.

Kuachia huko ndiko kulikonitoa jasho. Maisha yangu yote nikishtuka nashika kwa nguvu. Kwenye baiskeli ukishtuka unabana, na kubana ndiko kunakokuokoa. Hapa ukibana umeongeza mwendo. Jioni ya kwanza niliingia kwenye lifti, mlango ukaanza kujifunga, nikashtuka, nikabana. Mbele yangu kwenye kioo nikamwona mwanamke aliyetoa macho anakuja kunigonga. Tukagongana, mimi na yeye, kikapu kikapinda.

Mkwe wangu hakucheka, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alinipeleka kwenye maegesho yaliyokuwa matupu, akapanga chupa za maji, akaniambia: "Mama, hivyo vidole usivifunge. Viweke wazi, vuta kwa ncha tu, ili ukistuka viponyoke vyenyewe." Nusu saa nikizunguka chupa kwa mwendo wa kobe. Niliangusha mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa Magic Kingdom, bustani kongwe kuliko zote pale, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Ila kabla ya bustani kulikuwa na basi. Mwenye skuta huingizwa kwanza. Dereva anashusha ubao wa mteremko, unapanda, halafu ukiwa ndani unatakiwa uigeuze skuta ikae sambamba na ubavu wa basi, mahali viti vimekunjwa. Ni kama kuegesha gari katikati ya mawili, isipokuwa nje kuna watu arobaini waliosimama juani wakikutazama. Mbele kidogo, pii pii pii, nyuma kidogo, nikagonga nguzo, mbele tena. Nilihesabu mara saba. Dereva, mama mtu mzima kama mimi, alisubiri, akafunga mikanda kwenye kiunzi, akasema nimefanya vizuri. Uongo mtupu, lakini ulinifaa.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ukikaa kwenye skuta, macho yako yanakuwa usawa wa viuno vya watu. Siku nzima niliona mikanda, mifuko ya mgongoni, na mikono iliyoshika vinywaji. Na wao hawakuoni. Mtu anatembea mbele yako, simu inalia, anasimama palepale kama mti. Watoto wanakatiza bila kutazama, wakubwa wanaona upenyo mdogo mbele ya gurudumu lako na kudhani umewaachia wao. Nilijifunza kuacha nafasi ya mtu mzima aliyelala kati yangu na aliye mbele, na kila nafasi hiyo ilipojazwa na mtu mwingine, kuiacha upya. Honi niliiacha. Ukiipiga watu wanaruka, na wanarukia popote, hata kwako.

Pale Main Street kuna reli za tramu ya farasi zilizolazwa barabarani. Nilikuwa nazifuata sambamba nikitazama kasri mbele, na gurudumu la mbele likatumbukia kwenye mfereji wa reli. Usukani ukakataa kugeuka, mimi nikaendelea moja kwa moja kama tramu. Nikaachia vidole (chupa za maji zilisaidia), binti akanyanyua pua ya skuta, tukatoka. Toka hapo reli naivuka kwa kuikata, gurudumu likiielekea uso kwa uso.

Watu wengi wanaamini skuta ni njia ya kuruka foleni. Laiti ingekuwa. Foleni nyingi ni pana na unapanga mstari humohumo na wenzio, ukisogea nusu hatua kwa nusu hatua hadi kidole gumba kinakakamaa. Palipo pembamba unaambiwa urudi saa fulani, na kwa kawaida saa hiyo ni sawa na muda ambao ungesimama. Skuta yenyewe haiingii kwenye vyombo vingi. Kwenye mashua za "it's a small world", kwa mfano, ipo mashua inayopokea kiti cha magurudumu, ila wa skuta anahamia kwanza kwenye kiti cha kawaida. Mimi naweza kupanda hatua chache, kwa hiyo nilikuwa naegesha, nashuka, natembea.

Hapo sasa kuna macho. Unainuka kutoka kwenye skuta, unanyoosha mgongo, unatembea hatua tano, na mtu wa pembeni anakutazama kama aliyeshuhudia muujiza au aliyekamata mwizi. Mwanamke mmoja alimwambia mumewe, na wala hakupunguza sauti, kwamba miguu kumbe ninayo. Mara ya kwanza nilichechemea zaidi kidogo kuliko nilivyokuwa nachechemea kweli. Naona aibu kulisema hilo, lakini nililifanya: nilimwigizia mtu nisiyemjua ugonjwa ambao ninao kweli. Mara ya pili nilitembea nilivyoweza. Hatua zenyewe nilikuwa nimeziweka akiba tangu asubuhi, nikazitumia pale pale mjukuu alipokuwa ananivuta mkono.

Ukishaegesha, toa ufunguo. Skuta zilizokodiwa zinafanana kama mayai, zimepangwa kumi kumi, na wahudumu huzisogeza wakati haupo. Niliuning'iniza ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu na kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Hata hivyo nilimkuta bwana mmoja ameikalia yangu, anapapasa mahali pa ufunguo na kulalamika kwamba mashine imekufa. Ya kwake ilikuwa mbili mbele.

Siku ya pili, EPCOT, ndiyo siku ya betri. Usiku nilikuwa nimechomeka chaja vizuri, taa yake ikawaka, nikalala na roho safi. Nisichokijua ni kwamba soketi ile ilikuwa inaendeshwa na swichi ya taa ya ukutani, ile ile niliyoizima kabla ya kulala. Asubuhi mshale ulikuwa umesogea kidogo tu. Nikasema utatosha.

Mwanzo ulitosha. Tuliingia kwenye ile tufe kubwa, Spaceship Earth, iliyopo tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1982. Ndani yake viti havisimami, vinakwenda sambamba na sakafu inayotembea nawe unapanda huku vinaenda. Nilimwonyesha mhudumu fimbo yangu, akapunguza mwendo. Mwombe mapema, kabla mguu haujagusa ile sakafu, kwa sababu ukishaigusa huna tena muda wa adabu.

Kisha tukalizunguka ziwa. Mshale wa betri una tabia ya kudanganya: ukipanda kilima unaanguka, ukifika tambarare unapanda tena, basi nikawa nauamini ukipanda na kuupuuza ukianguka. Kwenye daraja, tukiwa tumebakiza nchi mbili, skuta ililia mlio mmoja wa kinyonge ikasimama. Nyuma, karibu na gurudumu, kuna kikono kidogo cha kuachanisha mota ili isukumike kwa mkono. Mkwe alikivuta, akaanza kusukuma. Jua saa nane mchana, mwanamume anamsukuma mama mkwe wake darajani, na mama mkwe hana pa kuuficha uso.

Tulipofika kileleni ndipo nilipokumbuka jambo: mota ikishaachanishwa, breki nayo imeachanishwa. "Baba, shika!" Alishika, viatu vikaburuzika, mjukuu akashangilia akidhani ni mchezo mwingine wa bustani. Tulichaji kwenye soketi ya ukutani, kwa ruhusa, saa nzima na nusu. Wao wakaendelea kuzunguka. Mimi nikakaa pale nikiwatazama watu wakipita, nikaona mawili matatu: skuta haziendeshwi na wazee peke yao, na wengi wanaoziendesha wananing'iniza mifuko mizito nyuma ya kiti. Usifanye hivyo ukiwa na ya magurudumu matatu. Kwenye mwinuko inanyanyua pua.

Siku ya tatu, Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998. Humo ndani wamejenga Harambe, mji wa kubuni wa Afrika Mashariki, maandishi ya Kiswahili ukutani, Hoteli Burudika hapa, Tamu Tamu pale, na sehemu imeandikwa "Uhuru 1961". Mjukuu alinifanya nisome kila kibao kwa sauti, na kwa mara ya kwanza tangu tufike bibi ndiye aliyekuwa anajua mambo. Shida ni kwamba waliojenga walitaka ionekane kweli, hivyo sakafu wameifinyanga kama barabara chakavu, nyufa, mawe, matuta. Kwa mguu hulioni hilo. Juu ya skuta isiyo na springi meno yanagongana. Nilisoma vibao vyote vya Harambe kwa sauti ya mtu aliye kwenye trekta. Kisha kwenye Kilimanjaro Safaris nikaiacha skuta nje, nikapanda gari la kutazama wanyama, na gari nalo linapita njia iliyotengenezwa irushe watu. Twiga walikuwa wa kweli. Maumivu ya mgongo pia.

Mvua ya alasiri ya Florida haipigi hodi. Nilikuwa nimebeba kofia ya kuogea ya hotelini, nikaivika usukani, maana vitufe havipendi maji, na mfuko wa plastiki juu ya kiti. Dakika ishirini jua likarudi. Kiti kilikuwa kikavu, mimi nikiwa nimelowa chapachapa.

Kituoni jioni tulikuta foleni ndefu. Dereva alikuwa kijana, akashusha ubao, akanitazama kwa ile huruma ya mtu aliyeandaa subira yake. Nikazungusha kitufe kwa kobe. Nikapanda, nikapita nafasi yangu kwa kipimo cha mkono mmoja, nikakunja usukani wote, nikavuta kikono cha kushoto kwa ncha ya kidole. Pii, pii. Skuta ikaingia ubavuni mwa basi kama droo.

"Bibi, mara moja tu!" mjukuu akapaza sauti kutoka mlangoni.

"Umeona, mume wangu?"

Akapiga makofi. Watu wawili watatu nyuma yake, ambao hawakujua wanapigia nini, nao wakapiga.