Siku moja ndani ya madigadi: kazi ya kupiga andasili Kigamboni

Saa moja asubuhi geti liko wazi. Gereji yetu iko Kigamboni, Dar es Salaam, upande ambao upepo wa bahari unafika bila kizuizi, na huo upepo ndio unaonipa ugali. Mimi napiga andasili, ile dawa nyeusi nzito inayopulizwa chini ya gari na ndani ya madigadi, yale matao ya bati juu ya matairi, ili chumvi, maji na kokoto visile bati. Wapita njia wananikuta nimelala chini, mweusi mpaka kwenye kope, wanasema yule anapaka lami. Sibishani nao. Ila kupuliza kwenyewe ni dakika chache kwa kila tairi. Kutwa iliyobaki nakwangua.

Mpaka saa tatu tulikuwa na Toyota IST iliyotoka bandarini juzi tu. Bati safi, plastiki za ndani zipo zote na klipu zake. Tukaosha, tukakausha, tukafunika breki, tukapuliza, mwenyewe akalipa. Kazi za hivyo hazina hadithi, na laiti zingekuwa nyingi.

Saa tatu na robo ikaingia Toyota Noah, harufu ikitangulia. Inabeba samaki. Usiku wa manane inavuka na kivuko kwenda soko la Feri, asubuhi inarudi huku na maboksi ya barafu, na barafu ikiyeyuka maji yake ya chumvi yanatafuta kitundu kwenye sakafu, yanateremka mpaka kwenye madigadi ya nyuma. Kwa gari la hivyo bahari haisubiri upepo, imeshapakiwa ndani.

Dereva akashuka na simu mkononi. "Fundi, mambo. Bimkubwa kasema upige nyeusi madigadi yote manne. Saa sita nataka niwe barabarani."

"Saa sita haiwezekani, kaka."

"Si unapuliza tu? Wala usitoe matairi, ingiza bunduki ya kupulizia kwa juu, basi."

Nikamweleza, kama ninavyoeleza kila wiki. Ukipuliza juu ya tope, dawa inashika tope, haishiki bati. Tope likibanduka linaondoka nayo. Na pale lisipobanduka ndiyo balaa zaidi, maana chumvi umeifungia ndani. Chumvi inavuta unyevu hata siku ya jua kali, kutu inaendelea kula chini kwa chini, mwenye gari anaona nyeusi inang'aa na moyo wake umetulia. Bora usingepiga kitu, ungeiona kutu mapema.

Alisikiliza nusu, nusu nyingine alikuwa anajibu meseji. Nikamtajia laki na ishirini. Akanivuta pembeni, sauti ikashuka. "Fanya ya juu juu kwa elfu sabini. Ila risiti niandikie hiyo hiyo laki na ishirini."

Hilo nalo si geni. Kazi yenyewe inavutia ujanja, kwa sababu nyeusi ni nyeusi: nzuri na mbovu zinafanana kabisa mpaka mwaka upite. Nikamwambia risiti yangu inaandika pesa iliyoingia mkononi. Akacheka, akaniita mlokole, akaenda kukaa kwenye benchi na kuwasha muziki wa simu. Muziki huo tulikaa nao mpaka jioni.

Dogo akapiga jeki, tukaweka stendi, matairi yote yakatoka. Mbele hakukuwa na shida, kutu ya juu juu inayoondoka kwa brashi ya waya na msasa. Nyuma ndiko nilikokaa. Ukingo wa madigadi kwa ndani umekunjwa, na kwenye ule mkunjo tope linajisindika, halikauki. Unaingiza bisibisi bapa, unachokoa, unashusha. Lilitoka tope jeusi limechanganyika na magamba ya samaki, bado yanameta. Halafu unaosha kwa maji baridi, mengi, mara ya pili na ya tatu, halafu unakausha kwa upepo wa kompresa, kwa sababu hewa ya hapa peke yake haikaushi kitu.

Bati likishakauka, unaligonga kwa mpini wa bisibisi. Sikio ndilo linalofanya kazi. Zima linalia kavu, ta, ta, ta. Upande wa kushoto nyuma, karibu na mkanda wa siti, mlio ukabadilika ukawa bubu. Nikageuza bisibisi, nikasukuma ncha kidogo tu, ikazama. Kuondoa maganda yote, tundu lilikuwa sawa na sarafu ya mia mbili.

Dereva akaja kuangalia. "Si uzibe na dawa hapo hapo?" Nikamwomba namba ya mwenye gari. Hakupenda, lakini akapiga, akanipa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari limeisha?"

"Bado mama. Kuna bati limeoza nyuma kushoto, linataka kiraka. Mchomeleaji anataka elfu thelathini."

"Aweke. Na huyo kakwambia nimempa ngapi?"

Nikamwambia hilo waulizane wenyewe, nikarudisha simu. Dereva akaenda kuongelea nje ya geti, na muziki ukapungua kwa muda.

Kuchomelea lazima kutangulie, kwa sababu dawa hii na tina ya kuiyeyushia vinashika moto haraka. Tukachomoa waya wa betri, jirani akaja na mashine yake, na alipomaliza upande wa mwisho tu wa kiraka, umeme ukakatika. Saa saba hiyo. Bila umeme hakuna kompresa, bila kompresa hakuna bunduki. Tukakaa. Nikapaka dawa ya kugeuza kutu kwa mkono, ile inayobadilisha wekundu kuwa weusi, kisha praima kwenye kiraka. Tukala chipsi. Nikafunika diski za breki, mipira ya breki, shokapu na raba za ekseli kwa magazeti na mifuko, nikaziba kwa gundi ya karatasi matundu ya kutolea maji, maana yakijaa dawa maji yanalala ndani na kazi yote imekuwa bure. Dereva akauliza umeme unarudi saa ngapi. Akauliza tena.

Uliporudi jua lilikuwa limeshalegea, mgongo wangu umegoma kunyooka. Nikavaa barakoa yenye vichujio. Hapa mtaani mafundi wa rangi wengi wanafunga kitambaa halafu wanakunywa maziwa jioni, eti yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni. Ule mvuke uko kwenye mapafu. Dogo simpi bunduki mpaka avae, akinuna anune.

Tabaka la kwanza jembamba, unasubiri likamate, unarudia. Katikati ya hapo mtu wetu akaja akabonyeza kidole kwenye nyeusi mbichi "kuangalia kama imekauka." Nikarudia pale. Sikusema kitu, nilikuwa sina nguvu ya kusema.

Taa za barabarani zimeshawaka ndiyo tunafunga nati za mwisho. Nikamwambia kuvuka usiku anaweza, ila mashine ya kuoshea kwa presha isiguse huko chini wiki hii. Akawa anapiga video ya kumtumia mama, anazunguka na tochi, akasimama nyuma.

"Sasa mbona bomba la moshi hujapiga? Ataniambia kazi nusu."

"Linachemka, kaka. Dawa itaungua, utavuta moshi mpaka Feri."

Video ikaenda. Sauti ya mama ikarudi hapo hapo, kwa nguvu ya spika: "Mpe pesa yake yote na ya kiraka. Mwambie Jumatatu namletea na ile Kirikuu."

Hiyo Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, naijua, huwa naiona pale kivukoni. Sakafu yake wameshaiziba kwa ubao.